Nati Nne Tu

Gari yangu ilichemsha Jumamosi jioni pale Buguruni, katikati ya foleni, kushoto nimebanwa na lori la mchanga, kulia na daladala la Gongo la Mboto. Mshale wa joto ulikuwa unapanda polepole, nami nikawa naukazia macho nikidhani utaona haya, utashuka. Haukushuka. Moshi mweupe ukaanza kufuka pembeni mwa boneti. Konda wa daladala, aliyekuwa ameshajaza na hana kazi nyingine ya kufanya, akaning'inia mlangoni akaniuliza: "Mzee, huo ni ugali au umebandika makongoro?"

Daladala zima likacheka. Mama mmoja tu wa dirishani ndiye aliyenionea huruma. "Baba, usije ukafungua kile kifuniko! Shemeji yangu kilimbabua uso wote."

Yule mama, naapa, ndiye mtu pekee aliyenipa ushauri wa maana kwa siku zote mbili. Maji ya kwenye rejeta yamefungiwa kwa presha, hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100 kama ya sufuria. Yanapita hapo yametulia kimya, yanakusubiri wewe ufungue. Nikazima gari, vijana wakanisukuma mpaka pembeni kwa 3,000, nikakaa saa nzima nikihesabu mabasi, nikaongeza maji, nikajikongoja mpaka nyumbani Tabata.

Kosa lilikuwa langu, sitamsingizia mtu. Ile Carina ilikuja na kulanti yake vizuri, yale maji maalumu ya kupozea injini. Mimi nikaiachisha ziwa, nikaizoesha maji ya kisima cha jirani, yale ambayo ukifulia sabuni inakataa kutoa povu. Miaka 3 ya chumvi. Ndani kukaota kutu, na tanki la juu, lile la plastiki, likapasuka ufa wa urefu wa kidole.

Fundi wetu wa mtaani, kijana mpole anayefanyia kazi chini ya mwembe, aliiangalia dakika moja tu. "Bosi, rejeta imekufa hii. We lete rejeta, ufundi hamsini."

"Hamsini nini?"

"Elfu."

Nikainama nikachungulia. Rejeta imeshikwa na nati nne. Nikazihesabu tena: nne. Yaani elfu kumi na mbili na mia tano kwa kila nati! Nikamwambia nitamjulisha. Akaongeza neno kuhusu oto na mafuta ya gia, ila mimi nilishaanza kuondoka, tena kwa ule mwendo wa mtu aliyeokoa hela.

Usiku nikaangalia video. Mmarekani mmoja alibadilisha rejeta kwa dakika 20 bila kuchafua hata kucha, kwenye gereji ambayo sakafu yake inang'aa kuliko sebule yangu. Mama Neema akaniuliza kutoka kitandani: "Baba Neema, kesho mama anatoka Morogoro, saa 10 atakuwa Mbezi stendi. Gari itakuwepo?"

"Mama Neema, kesho saa 4 asubuhi nitakuwa nimeshaoga."

Asubuhi yeye akaenda misa ya kwanza. Nikabaki na Neema, darasa la 4, aliyekuwa na yale mafua yanayokuja Jumapili tu. Vifaa: spana namba 10, spana namba 12, bisibisi ya nyota ambayo nyota yenyewe imeshafifia, plaizi, na nyundo. Nyundo sikuwa na kazi nayo, lakini fundi asiye na nyundo nani atamheshimu? Kifaa chenye cheo kilikuwa plaizi. Kishikio cha kufungulia boneti kilishakatika siku nyingi, kwa hiyo boneti ya gari yangu inafunguliwa kwa kuinama chini ya usukani na kuvuta waya kwa plaizi. Kile kifimbo cha kuitegemeza nacho kilipotelea sijui wapi, naitegemeza kwa fagio la nje.

Nikaanza na kumwaga maji. Chini ya rejeta kuna koki ndogo ya plastiki. Nikalala chali, nikaizungusha, ikagoma. Nikaizungusha kwa hasira, ikavunjika, na maji yote ya miaka 3 yakaingia kwapani. Yalikuwa rangi ya chai ya mkandaa iliyolala. Yaliyobaki nikayadaka kwenye beseni la bluu, lile kubwa ambalo Mama Neema anakandia unga wa maandazi ya biashara. Nilijua kabisa kwamba hiyo ni dhambi. Nilichofanya ni kupiga hesabu: misa ya kwanza ikiisha nitakuwa nimeshalisuuza.

Hozi ya juu ilikuwa imeganda kana kwamba imezaliwa hapo. Nikavuta, nikabembeleza, nikavuta. Nikaweka mguu kwenye bampa nikavuta kwa mikono miwili. Ikachomoka. Nikaenda nayo kinyumenyume hatua tatu, nikakaa kitako ndani ya beseni.

"Baba, na mimi nikae?" Neema akauliza.

Yakabaki mabomba mawili membamba huko chini, ambayo yule Mmarekani hakuwa nayo, au alikuwa nayo nikaipeleka video mbele. Nikalegeza klipu, nikachomoa moja. Ikatoka kitu chekundu, laini, kinachurizika.

"Babaaa! Gari inatoka damu!"

Neema anaimba kwaya ya watoto, sauti ya kwanza. Dakika tano baadaye uwanja ulikuwa umejaa. Alikuja mzee mjumbe na kofia yake ya Kizanzibari, ya kushonwa kwa mkono. Alikuja kijana wa bodaboda. Akaja mama wa genge, na bata wanne wa jirani ambao hawapitwi na mkusanyiko. Mzee mjumbe akachovya kidole, akanusa, akatangaza: "Hii si damu. Hii haidroliki. Gari ya oto hii, mafuta ya gia yanapita kwenye rejeta kwenda kupozwa. Hukuambiwa?"

Niliambiwa, mzee. Nilikuwa natembea.

Nikamwaga yale maji ya mkandaa, nikakinga mafuta kwa beseni lilelile, yakafika kama nusu lita. Halafu nikalificha uani nyuma ya mlango wa jiko, kwa sababu kengele ya kanisa ilikuwa imeshalia.

Mtu mwenye akili angebeba rejeta ya zamani kama sampo. Mimi ilinishinda, boda alikataa kuchafuliwa kiti. Nikapiga picha kwa simu, tena kwa juu, tukaenda Ilala, Shauri Moyo, kwenye spea za mtumba. Muuzaji akaitazama picha, akaniuliza: "Ya oto au manyuo?"

"Bei?"

"Oto laki na tano elfu. Manyuo tisini."

Hapa naomba mnielewe. Nilidhani ni madaraja, kama mchele wa Kyela na mchele wa kawaida. Mimi, niliyeendesha gari ya oto miaka 3 bila kukanyaga klachi hata siku moja, nikajibu kwa kujiamini: "Nipe ya tisini." Akaijaza maji mbele yangu kunionyesha haivuji, akafungua koki yakatoka kwa kasi kunionyesha haijaziba, akanikabidhi koki mkononi. Nikaitia mfuko wa shati.

Nyumbani ilikaa kama imechongwa kwa ajili yake. Nati nne zikaingia kwa vidole. Hozi ya juu, sawa. Hozi ya chini, sawa. Mabomba ya gia… nikapapasa kushoto. Nikapapasa kulia. Nikampa Neema tochi apapase kwa macho. Ile rejeta haikuwa na midomo ya kuyapokea.

Kikao kikakaa. Mama wa genge akashauri yakunjwe, yafungwe kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Boda akasema tuyaunganishe yenyewe kwa yenyewe, mafuta yazunguke tu. Nikakaribia kukubali, mzee mjumbe akaniuliza gia ya oto kwa sasa ni bei gani. Tukarudi Ilala. Yule muuzaji aliponiona na rejeta begani hakusema neno, alinyoosha tu mkono apokee elfu kumi na tano yake. Njia nzima boda alikuwa ananiita shemeji.

Saa 8 mchana rejeta ya oto ilikuwa imefungwa, mabomba yamepata midomo yao. Mama Neema alishatoka misa, akaangalia hali ya uwanja, akaangalia hali yangu, akaingia ndani bila kuuliza. Ukimya ule nilikuwa nauogopa kuliko maneno. Nikafungua kulanti mpya, lita 5, elfu thelathini na tano, nikaanza kumimina. Ikaingia lita moja. Mbili. Tatu. Nikawaambia wanakikao: "Mnaona? Ilikuwa na kiu!" Nne. Tano. Nikainama kuangalia imefika wapi, nikaona hata chini kabisa ya mdomo hakuna dalili ya unyevu.

"Baba," Neema akasema, "mbona ndala zangu zimekuwa za kijani?"

Nikapeleka mkono mfuko wa shati kutafuta leso nijifute jasho. Ikaja koki.

Sasa, kulanti ina ubaya wake mmoja: ni tamu, na huo utamu wake ni sumu. Mnyama akiilamba figo zinakufa. Lile dimbwi la elfu thelathini na tano lilikuwa linateremka uwanjani, na bata wanne wa jirani walikuwa wanaliendea kwa mwendo wa waalikwa. Jirani mwenye bata hacheki na mtu. Nikatafuta kitu cha kuwafukuzia, chochote kirefu, mkono ukaangukia kwenye fagio.

Bata walinusurika. Ila boneti, ikiwa haina tena cha kuishikilia, ilishuka kwa mshindo uliofanya kikao kizima kikatike katikati. Mzee mjumbe alikuwa ameinama kukagua kazi. Alijichomoa kichwa kwa wepesi ambao sikujua bado anao. Kofia haikuwahi.

Tukabaki tunaitazama. Boneti imejifunga kabisa, kofia ya Zanzibar iko ndani, ukingo wake mweupe unachungulia karibu na taa.

"Fungua," mzee akasema.

"Nafungua mzee wangu. Neema, nipe plaizi."

Neema akanyoosha kidole kwenye boneti. Plaizi ilikuwa juu ya betri.

Boda, mtu wa msaada, akakimbilia pikipiki yake akaleta ya kwake, akainama chini ya usukani, akavuta waya kwa nguvu zote za mtu anayebeba abiria watatu. Tukasikia kitu kimesema *ti!* Akatoka na kipande cha waya, kirefu kama mkono, akanikabidhi kwa heshima kama mtu anayekabidhi maiti.

Saa 10 kamili simu ya Mama Neema ikaita huko ndani. Nikamsikia anasema, "Mama, chukua tu bajaji." Nikaenda chini ya mwembe.

Fundi hakunicheka. Aliniuliza tu, "Bosi, ulizihesabu vizuri zile nati?" Ufundi palepale hamsini, na kumi ya Jumapili. Alikuja na waya wa nondo aliokunja ncha, akalala chini ya bampa, akapenyeza mkono, akapapasa kama anayetafuta funguo zilizodondokea chini ya kitanda. Tii. Boneti ikaruka. Akatoa kofia kwanza. Ilikuwa na mstari mweusi katikati. Mzee mjumbe akaivaa hivyohivyo, akaondoka bila kuaga.

Baada ya hapo nilikuwa mshika tochi pamoja na Neema. Fundi alikaza koki, akakaza klipu ambazo mimi niliona zimekaza, akachomeka soketi ya feni ambayo sikujua kama niliichomoa. Akamimina kulanti nyingine, nyingine ya elfu thelathini na tano, akawasha injini kifuniko kikiwa wazi, akawa anaminya hozi ya juu kwa mkono kama mtu anayekamua ng'ombe. Mapovu yakawa yanapanda: blup, blup. "Hewa," akanieleza. "Usipoitoa, maji yanajaa juu, chini injini inaungua." Tukasubiri mpaka thamostati, kile kilango kinachoruhusu maji ya injini yapite kwenye rejeta, ifunguke, kwenye nyuzi 80 na kitu, hozi ya chini nayo ikashika moto, feni ikaanza kuzunguka yenyewe. Akachomoa kijiti cha kupimia mafuta ya gia. "Sasa tuongeze haidroliki. Ile iliyomwagika ilikuwa kiasi gani?"

"Kama nusu lita."

"Umeiweka wapi?"

Kabla sijajibu bajaji ikasimama. Mama mkwe akateremka na mfuko wa ndizi na jogoo aliyefungwa miguu. Nikaenda mbio kumpokea, shikamoo mama, marahaba mwanangu, akaniangalia kuanzia nywele hadi vidole vya miguu, akasema pole na kazi, akapita moja kwa moja uani kuweka mzigo.

Mama mkwe ameolewa Morogoro lakini ni mzaliwa wa Kigoma. Jua lilikuwa linazama.

"Mama Neema!" tukasikia sauti yake kutoka nyuma ya mlango wa jiko. "Haya mawese mliyoweka kwenye beseni la unga mmenunua wapi? Mbona mepesi hivi, tena yananuka gereji?"

Fundi akazima injini ili alisikie vizuri jibu.