Mjomba na Swichi ya Jenereta

Mimi nakodisha muziki hapa Dodoma: spika, miksa, maiki, jenereta ya dizeli na Canter ya kubebea. Sendofu, kipaimara, mikutano ya injili, kampeni zikianza ndiyo kabisa. Na adui wa kazi hii ni ule mluzi wa spika. Maiki inadaka sauti iliyotoka kwenye spika, inairudisha kwenye amplifaya, inatoka kubwa zaidi, inadakwa tena, inazidi, mpaka bibi harusi anaziba masikio na mwenyekiti wa kamati anakutazama kama wewe ndiye uliyekula michango. Fundi mitambo mzuri anaukata kabla watu hawajageuza shingo. Mimi mkono wangu unashuka wenyewe, hata usingizini, muulize mke wangu.

Sasa vijana fulani wa chuo wakanipigia. Wana usiku wa bendi za roki, bendi zenyewe mbili za Nairobi na moja ya Ulaya, zinashuka na treni ya SGR kutoka Dar. Roki ya saikedeliki, halafu roki ya kelele.

"Kelele kivipi?"

"Kelele, kaka. Wewe lete spika kubwa."

Kijana mratibu akanipa somo zima kwenye simu. Kwamba hii saikedeliki ilianza miaka ya 1960 kule Marekani na Uingereza, gitaa linapitishwa kwenye visanduku vya kukanyaga kwa mguu mpaka sauti inakwaruza na kuzunguka, na wimbo mmoja unaweza kula robo saa. Kwamba majirani zetu wa Zambia waliupiga sana miaka ya 1970, wakauita Zamrock, na bendi ya WITCH ndiyo ilikuwa inatajwa zaidi. Hapo nilikuwa naye. Akaja kwa wale wa kelele: hao mluzi ninaoukimbia mimi wao wanautafuta. Kuna Mmarekani, Lou Reed, mwaka 1975 alitoa santuri mbili za milio ya gitaa tupu, zaidi ya saa nzima, hakuna wimbo hata mmoja. Nikauliza kama watu walirudishiwa hela zao. Kijana akacheka, akatuma advansi. Advansi ikishaingia, maswali yanaisha.

Ukumbi ulikuwa bustani ya wazi upande wa Nzuguni. Julai, upepo wa Dodoma mnaujua, vumbi linaingia mpaka kwenye meno. Miksa niliifunika na kanga ya mke wangu, nikaacha upande mmoja wa kuchezea mkono. Kanga imeandikwa "Kelele za mlango hazinikoseshi usingizi". Sikuichagua, ndiyo iliyokuwa imekauka kwenye kamba.

Jenereta iko nyuma ya ukuta, na mlinzi wake ni mjomba wangu wa Chamwino, ambaye kila kiangazi anakuja kukaa kwangu. Masharti yake mafupi: "Mjomba, ukisikia mlio usioeleweka, zima kwanza, maswali baadaye." Jenereta ya kabla ya hii iliungua kwa sababu kijana aliyekuwa akiilinda alisikia mlio usioeleweka akaenda kununua chipsi.

Bendi ya kwanza ikapiga. Mwenyekiti wa mtaa alikuwa amekaa mbele, kiti cha plastiki, koti la suti. Baada ya nusu saa akaniita kwa kidole.

"Fundi, wakimaliza kujaribu vyombo, muziki unaanza saa ngapi?"

"Mwenyekiti, ndiyo wanamalizia wimbo wa pili."

Mimi mwenyewe nilikuwa na vita. Kila spika ikianza kupiga mluzi, mkono unashuka. Nikishusha tu, mpiga gitaa ananyoosha kidole juu, ongeza. Mwishowe nikaikalia mikono yangu.

Wakapanda wale wa kelele. Mzungu mmoja akaliegemeza gitaa lake kwenye amplifaya, akaliacha hapo, akaenda kunywa maji. Gitaa likabaki linalia lenyewe. Likapanda. Chupa za soda zikaanza kusogea mezani zenyewe kwa zenyewe, mbwa wa Nzuguni yote wakajibu, na lilipofika pale ambapo mimi ningekuwa nimeshapigwa na wazazi wa bwana harusi, tap! Giza. Kimya.

Mjomba kazima.

Nikakimbia nyuma ya ukuta. Nimemkuta na tochi ya simu, mkono bado uko kwenye swichi, anahema.

"Mjomba, ilikuwa inaungua! Nimeiwahi!"

"Mjomba, lile ni gitaa."

"Gitaa?"

"Gitaa."

"Na mwenyewe yuko wapi?"

"Kaenda kunywa maji."

Akanitazama kwa huruma. Mara upande wa pili wa ukuta yakalipuka makofi, miluzi, watu wanapiga meza. Walidhani imepangwa! Mzungu akaja mbio, mimi nikajua leo nakatwa hela, kumbe anamfuata mjomba, kamshika mkono kwa mikono miwili. Mratibu akatafsiri: hajawahi kuona wimbo umemalizwa vizuri namna ile, na mwisho wa onyesho mzee azime tena.

Nikapinga. Kukata umeme amplifaya zikiwa zimefunguliwa hivyo ni kuziua. Tukakubaliana nishushe miksa kwanza, nimmulike mjomba tochi, ndipo azime. Mjomba hasikii, kachuchumaa juu ya kile kisanduku cha kukwaruza, anauliza ndani kuna utando wa buibui gani. Maana ilimba ya Kigogo, ile ala ya vyuma vya kubofya kwa vidole gumba, inatobolewa tundu na kuzibwa kwa utando wa buibui ili ingurume; bila huo, anasema, umeshika ubao. Akaanza kumtaja Hukwe Zawose, yule mpiga ilimba wa Kigogo aliyevuma, Mzungu akalimalizia jina mwenyewe: rekodi zake anazo, zilitolewa Uingereza na lebo ya mwanamuziki wa huko, Peter Gabriel. Basi. Wameinamia kile kisanduku na tochi mpaka nikalazimika kuwasha jenereta mimi.

Ule mwisho ulioombwa ulikwenda sawasawa, na tukawasha tena ili mwenyekiti afunge shughuli. Mwenyekiti akachukua maiki na kwenda kusimama mbele ya spika kabisa, pale pale ambapo kila mgeni rasmi nchi hii anapenda kusimama.

"Ndugu wananchi..."

Spika ikapiga mluzi. Mkono wangu ulikuwa umesharudi chini ya paja.

Tap!

Makofi yaliyopigwa hapo hayakupigwa usiku kucha. Watu wamesimama juu ya viti, wanataka tena. Na katikati ya giza lile nikasikia sauti ya mwenyekiti, bila maiki, imejaa furaha:

"Ahsanteni! Ahsanteni sana! Sasa nije kwenye suala la barabara..."

"Niwashe, mjomba?" mzee akaniuliza kutoka nyuma ya ukuta.

"Subiri kwanza," nikamwambia. "Anaendelea vizuri."