Mji wa mawe huku, mji wa mawe kwetu

Kila nikituma picha ya Gjirokastër kwenye kundi la familia, jibu ni lile lile: "Wenzetu wanajua kutunza vyao, si sisi." Nimechoka nalo. Mimi mtoto wa Mkunazini, Unguja, na huu mwaka wa nne naishi huku kusini mwa Albania. Nakwambieni, hao wenzetu nyumba zinawaangukia kama zinavyotuangukia sisi.

Kwa mbali mji unapendeza, hilo silikatai. Mlima mzima umejaa mapaa ya kijivu, vibamba vya mawe vimepangwa kama magamba ya samaki. UNESCO waliuingiza kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2005. Mji Mkongwe wetu uliingia mapema zaidi, 2000. Lakini njooni mpande vichochoroni. Kibamba kimoja kikiteleza, mvua inapenya, mbao zinaoza, na paa lile zito siku moja linashukia sebuleni, kwenye dari la kuchongwa ambalo fundi wake keshakufa zamani. Kwetu chokaa ikibanduka mtu anaziba kwa saruji, unyevu unafungiwa ukutani, boriti zinaoza kimya kimya. Sehemu ya jumba la Beit el Ajaib ilipoanguka Desemba 2020 tulishangaa kana kwamba hatukuwa tukipita pale kila siku.

Ugonjwa ni mmoja: wenyewe hawapo. Ukomunisti ulipoanguka miaka ya tisini mwanzoni, Waalbania wengi walikimbilia Ugiriki na Italia. Sasa nyumba ina warithi saba, mmoja Athens, mmoja Milano, mwingine hajulikani alipo, na bila saini zao fundi hapandi juu. Zinazopona ni zile zilizogeuzwa nyumba za wageni. Watu wa Unguja hadithi hii mnaijua tangu Mapinduzi ya 1964, sina haja ya kuwasimulia.

Bibi aliyenipangisha chumba (sote tunamwita teta, yaani shangazi) alinionyesha sanduku alilokuja nalo bibi yake siku ya harusi, limechongwa maua mbele. "Sënduk," akasema. Nikacheka mpaka akadhani namdharau. Sahani kwao ni sahan, saa ni sahat, habari ni haber. Mturuki kawapitishia wao Kiarabu kile kile kilichotufikia sisi kwa majahazi.

Ninachowaonea gere si majengo. Ni mezani, jioni, wazee wakishapata raki yao na mimi chai yangu ya majani ya mlimani. Mmoja anaanzisha wimbo, wa pili anamdaka, na waliobaki wote wanashikilia sauti moja chini, "eee", ndiyo iso. Hawavuti pumzi pamoja. Huyu akikata, wa pembeni anaendelea, na sauti haikatiki mpaka wimbo uishe. Kila baada ya miaka kadhaa waimbaji wa nchi nzima hukusanyika ngomeni kwa tamasha lililoanza 1968, ila hapa mezani hakuna jukwaa wala kiingilio. Wala hakuna mrithi wa kuombwa saini.

Nilipoambiwa nami nishike iso, nilidhani nitaaibika. Kumbe kazi ile naijua. Si kutoka kwenye taarabu, ambako sisi wengine mchango wetu ni kuinuka na kumtunza mwimbaji. Ni Maulidi ya Homu: safu ya wanaume wamepiga magoti, bega kwa bega, wanayumba pamoja, na wewe uliye katikati hujui tena sauti ipi ni yako. Teta alinitazama, akasema kitu kwa wenzake, wakanisogezea sahani ya jibini.

Jana kaka ameandika. Boriti mbili za nyumba ya babu zimelegea, warithi tuko tisa, watano hatupo Unguja. Anataka mchango wangu na saini yangu kabla ya masika.

Ujumbe nimeusoma. Nimemtumia picha nyingine ya Gjirokastër, imepigwa asubuhi, mapaa yote yanang'aa kwa mvua.