Siddhartha Kitabuni na Siddhartha Katika Filamu

Juma lililopita tuliitazama upya hapa Kisumu filamu ya Siddhartha, ambayo Conrad Rooks aliielekeza mwaka 1972 kutokana na riwaya ya Hermann Hesse ya mwaka 1922, na ilipomalizika tukabishana hadi usiku. Siddhartha, kijana wa tabaka la Brahmani, yaani la makuhani wa Kihindu, anaiacha nyumba ya babake, anafunga pamoja na watawa wa msituni, anamsikiliza Buddha bila kumfuata, anajitosa katika mapenzi na biashara, kisha anakuwa mvushaji mtoni, ambako moyo wake hatimaye unatulia. Baadhi yetu walishikilia kwamba kisa kama hiki hakipigiki picha, kwa kuwa safari yenyewe iko moyoni. Wengine, hasa vijana, walisema filamu iliwafungulia kitabu kilichokuwa kimewashinda.

Wale wa kwanza wana hoja nzito. Riwaya haina haraka: miaka ambayo kijana huyo anaishi kama tajiri, pamoja na kamari, pombe na kinyaa kinachomjaa polepole, tunaibeba pamoja naye, hata anapofika mtoni akitaka kufa tunajua kilichomfikisha hapo. Filamu ina muda wa saa moja na nusu hivi, na miaka hiyo inapita upesi mno, kiasi kwamba amani anayoipata inaonekana haikumgharimu. Mazungumzo nayo ni ya Kiingereza na yana ugumu fulani. Nyimbo za Kibengali za Hemanta Kumar, ambazo sikuelewa neno hata moja, ziliniingia zaidi.

Hata hivyo mimi naegemea upande wa vijana, na sababu ni maji. Mpiga picha wa filamu hii, Sven Nykvist, Mswidi aliyezipiga pia filamu za mwongozaji Ingmar Bergman, ameuonyesha mto kama mahali pa kazi. Pale Dunga, ufukoni mwa Ziwa Victoria, niliwahi kumwona mzee akizima injini ya mashua katikati ya gugumaji, akakinga sikio kwa kiganja ili ajue upepo unatoka wapi, na hakuna abiria aliyethubutu kusema mpaka alipoamua apite wapi. Kurasa za Hesse kuhusu kuusikiliza mto nilikuwa nimezisoma miaka yote kama falsafa. Filamu ndiyo iliyonionyesha kwamba anayesikiliza ni mtu mwenye kasia mkononi na watu wa kuwavusha.

Mama mmoja aliyeketi nyuma yetu aliuliza kuhusu yule baba aliyeachwa nyumbani. Riwaya inamjibu. Siddhartha, ambaye sasa ametorokwa na mwanawe mwenyewe, anainama juu ya maji, anaona sura yake ikifanana na ya babake, na ndipo anapotambua kwamba huenda mzee huyo alikwishakufa peke yake, bila kumwona tena mwanawe. Hapo ndipo ningetaka kamera ikawie.