Ukitafuta nyumba huku, anza na shule ambayo mtoto anafika kwa miguu

Kila anayetoka Uganda kuja huku Massachusetts, Marekani, na watoto ananiuliza kitu kimoja, nikae wapi ili watoto wapate shule nzuri, na kila mara nasikia wenzangu wanamjibu kwa namba, zile alama za 1 mpaka 10 ambazo shule za kila mji hupewa. Enda Lexington, shule za kule ni 9 na 10. Enda Newton. Pale usikae, pale ni 4. Mi jibu langu ni tofauti na naliandika hapa kwa urefu: kaa mahali mtoto anafika shule kwa miguu, na wewe mzazi unaweza kufika pia, na pango lake halikulazimishi kulala kazini. Mengine yanafuata.

Nieleze kwanza mambo yanavyokwenda huku maana kwetu hatuna kitu kama hiki. Ukipanga nyumba, anwani yako ndiyo inasema mtoto atasoma wapi. Mji umegawanywa kwa mipaka, watoto wa upande huu wa barabara wanaenda shule hii, wa upande ule wanaenda ile (Boston yenyewe wana utaratibu wao, mzazi anajaza orodha ya shule anazotaka, lakini miji mingi inayoizunguka ni hivyo). Fizi, yaani ada, hakuna. Intavyuu hakuna, hakuna mtu anakuuliza mtoto alipata agregeti ngapi alikotoka (jumla ya alama za mtihani, kwetu ndogo ndiyo nzuri). Unaenda ofisi ya shule za mji na cheti cha kuzaliwa, kadi ya chanjo, mkataba wa nyumba na bili ya umeme, ile bili inafanya kazi ambayo kwetu inafanywa na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa. Makaratasi ya uhamiaji hawaulizi, na nawaomba mlishike hili, haitokani na huruma ya karani, ni uamuzi wa Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1982, kesi ya Plyler na Doe, kwamba mtoto asiye na makaratasi hawezi kufungiwa mlango wa shule ya umma. Kuna wazazi wetu wanawaweka watoto ndani miezi kwa woga bure tu.

Siku namwandikisha wangu hapa Waltham nikapewa fomu inauliza nyumbani mnaongea lugha gani. Nikaandika Kiswahili, maana mi nimekulia kambi ya polisi, baba katoka kabila hili mama lile, majirani Waacholi, Wateso, Wagishu, na wote tuliongea Kiswahili. Kwa jibu hilo mtoto akapelekwa chumba cha pembeni kupimwa Kiingereza, mtoto aliyesoma kwa Kiingereza tangu nasari Kampala. Mwalimu akamwonyesha picha ya watoto kwenye theluji, akamwuliza wanafanya nini. Akajibu wanacheza lakini watapata kikohozi, mama yao yuko wapi. Yule mwalimu alicheka sana, akaandika amepita, halafu akatoka mwenyewe kunionyesha darasa, akanionyesha ndoano ya kutundikia koti ikiwa na jina la mwanangu tayari kwenye karatasi. Tulikuwa hatujakaa hapo hata nusu saa.

Hiyo ndiyo sehemu ambayo Wamarekani wameipata sawa na nataka tuione vizuri. Kila nyumba ina shule yake na shule hiyo haiwezi kumkataa mtoto wa nyumba hiyo. Banange, fikirieni hilo kwetu!

Walipoharibu ni kwenye hela. Sehemu kubwa ya pesa za shule inatoka kwenye kodi ya majengo ya mji huohuo, kwa hiyo mji wenye nyumba za bei kali una shule zenye pesa, na nyumba zinazidi kupanda kwa sababu ya shule, mduara unazunguka hivyo. Wazazi wa Texas walienda mahakamani kusema haya si haki, Mahakama Kuu mwaka 1973 ikawajibu kwamba katiba ya nchi haiwalindi kwa hilo. Massachusetts walijitahidi, sheria ya 1993 inafanya jimbo liongeze pesa kwa miji isiyojiweza, lakini mji wenye uwezo bado unaweza kuongeza yake juu. Kuna sheria ya 1980 inazuia mji kuongeza jumla ya kodi hiyo zaidi ya asilimia 2.5 kwa mwaka mpaka wananchi wenyewe wapige kura kukubali, na kuna miji watu wanapiga kura kujiongezea kodi ili shule zisipunguze walimu. Niliposikia hilo mara ya kwanza nilimwuliza mwenzangu kazini mara mbili kama nimesikia vizuri.

Sasa ingia Lexington utafute nyumba. Ya kununua inapita dola milioni moja bila shida, ya kupanga ni chache sana, kwa sababu kwa miaka mingi miji kama hiyo sehemu kubwa ya ardhi iliruhusu nyumba moja kwa familia moja tu, fleti hamna. Mwaka 2021 jimbo likapitisha sheria ya kulazimisha miji iliyo karibu na treni na mabasi itenge maeneo ya fleti na kuna miji imegoma kabisa. Kwa hiyo hiyo shule ya bure inalipiwa, inalipiwa kwenye pango. Na usidhani utatumia anwani ya shangazi, mwaka 2011 huko Ohio mama mmoja alitiwa jela siku kadhaa kwa kuwaandikisha binti zake kwa anwani ya baba yake aliyekaa upande wenye shule nzuri. Jela kabisa, kwa sababu ya shule tu.

Ndio maana hizi namba zinanikera. Namba ya GreatSchools, ile ya 1 mpaka 10 unayoiona kwenye tovuti za nyumba, imejengwa zaidi kwa alama za mitihani, na alama za mitihani za watoto wadogo zinafuata sana kipato cha wazazi wao. Ukiona 10 umeambiwa zaidi kuhusu wazazi kuliko kuhusu mwalimu. Shule ya wangu haina namba ya kujivunia, imejaa watoto wa Guatemala, wa Haiti, wa kwetu, wengi bado wanajifunza Kiingereza na mtihani wa jimbo unaanza darasa la tatu. Lakini mwanangu anasoma, anapenda kwenda, chakula cha mchana ni bure kwa kila mtoto (jimbo liliamua hivyo moja kwa moja mwaka 2023), na mi natoka zamu ya usiku kule nursing home, nyumba ya kutunzia wazee, asubuhi, nafika nyumbani kabla hajavaa viatu, tunatembea pamoja, naongea na mwalimu mlangoni, ndio naenda kulala. Mwalimu ananijua. Akiona mtoto hana raha ananiambia siku hiyohiyo.

Nawajua watu waliokwenda kwenye 10. Baba anafanya kazi mchana, mama usiku na wikendi zote, wanapishana mlangoni kama askari wa zamu, na pango linakula mshahara mmoja mzima na nusu ya mwingine. Shule ilifanya usiku wa watoto kuimba na hakuna aliyeweza kwenda. Mtoto wao ana shule nzuri sana na wazazi hawapo, na mi kwa mtoto wa miaka saba nachagua wazazi.

Nije kwetu Uganda sasa, maana huko ndiko roho inakoniuma.

Sisi tunafanya kinyume kabisa. Tunanunua poloti, futi 50 kwa 100, tunaangalia bei, tunaangalia barabara, tunaangalia kama hati haina kesi, tunajenga, halafu ndio tunauliza watoto watasoma wapi, na jibu halitoki mtaani hata siku moja. Jirani yangu wa zamani amejenga kule nje kabisa ya Kampala, barabara ya Gayaza, watoto wanaamshwa giza, vani inapita kabla jua halijatoka, mdogo yuko nasari anabebwa amelala na soksi mkononi, anakula mandazi kwenye jam, anarudi jioni na homuweki. Uchovu ule si elimu. Akifika P4 au P5 wanachoka wote, anapelekwa bodingi, na mzazi anamwona visiting day akiwa na kuku na chipsi kwenye kontena. Yote kwa ajili ya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tupate agregeti 4 ambayo ndiyo ya juu kabisa, picha itoke gazetini.

Na kumbe mita mia tatu kutoka kwenye geti lile kuna shule ya UPE, ile elimu ya msingi ya bure ya serikali. UPE ilipoanza 1997 watoto walimiminika, kutoka kama milioni tatu mpaka zaidi ya milioni tano kwa mwaka mmoja, na mi nasema lilikuwa jambo kubwa, kuna wasichana wengi wanasoma gazeti leo kwa sababu ya hilo. Lakini serikali ilikuwa inatuma shilingi elfu 10 kwa mtoto kwa mwaka mzima, baadaye ikaenda elfu 20, hiyo haifiki popote. Chakula, sheria ya elimu ya 2008 ikasema ni jukumu la mzazi, kwa hiyo asiye na hela ya posho (ugali) na maharage anakaa na njaa mpaka jioni. Na wenye uwezo wakaondoka. Waziri hana mtoto pale, mbunge hana, hata mwalimu mkuu mwenyewe wa kwake yuko shule ya praiveti. Shule zilipofungwa kwa Covid, kabisa au nusunusu, kuanzia Machi 2020 mpaka Januari 2022, nani alipiga kelele kwa ajili ya watoto wale?

Kule kambini kwetu ilikuwa tofauti. Mtoto wa OC, mkuu wa kituo cha polisi, na mtoto wa konstabo walikaa dawati moja, shule ilikuwa moja tu na wote tuliishi palepale. Mvua kubwa iling'oa mabati ya darasa letu la P3 na mtoto wa OC alirudi nyumbani daftari limelowa kama sisi. Wiki hiyohiyo mabati mapya yalikuwa juu. Hakuna aliyeandika barua, hakuna aliyesubiri bajeti, mkubwa aliona daftari la mtoto wake basi. Sisemi zile shule zilikuwa peponi, tulikaa wengi na vitabu tulichangia, ila mwenye sauti alikuwa na mtoto mle ndani.

Kwa hiyo nyie mnaotuma hela za kyeyo, hizi kazi za ughaibuni, kujenga nyumbani, kabla hamjalipia poloti mtume mtu aende shule ya mtaa saa sita mchana, aone kama walimu wapo, kama kuna moshi jikoni, kama vyoo vina milango. Kama shule ni mbovu lakini walimu wapo, nunua, peleka wako, ingia kwenye kamati ya shule maana wazazi wana viti pale kisheria. Fizi ya muhula mmoja wa mtoto mmoja bodingi inapika uji wa darasa zima siku nyingi. Mi na dada yangu tumekubaliana hivyo kwa wanae wawili, na wapo waliotuambia tunawatesa watoto. Hatujabadilisha.

Na nyie mnaokuja huku: shule zinafunguliwa mwisho wa Agosti au mwanzo wa Septemba, fikeni kabla. Bebeni kadi za chanjo, hizo ndizo zinachelewesha watu. Ukifikia kwa ndugu na mkataba si wako, ofisi ina fomu ambayo ndugu anasaini kwamba mnakaa kwake. Na kama mmebanana kwa ndugu kwa sababu hamna pa kwenda, kuna sheria ya nchi nzima, McKinney-Vento, inayosema mtoto aanze shule mara moja hata makaratasi yakikosekana, mtaje jina hilo kwa karani na yeye atajua la kufanya.