Milimita 37 za Kuzamia Nazo

Tudor, kampuni ya saa ya Uswisi, walipotoa Black Bay 54 mwaka 2023, saa ya kuzamia yenye kipenyo cha milimita 37, wapenzi wa saa waligawanyika hapo hapo. Upande mmoja ulishangilia: hatimaye saa ya kuzamia imerudi kwenye ukubwa wake wa enzi zile, maana saa ya kwanza ya Tudor ya kuzamia, namba 7922 ya mwaka 1954, ilikuwa na kipenyo hicho hicho. Upande wa pili ukauliza kwa kejeli kama hii ni ya kwenda nayo baharini au ya kuvaa harusini.

Mimi niko na walioshangilia, ila sababu yao siikubali.

Tuanze na mkono, maana ndio unaoivaa. Nimezungusha uzi kwenye kifundo changu na kuulaza juu ya rula: sentimita 16.5. Sehemu iliyo bapa, pale saa inapokaa, ni milimita 50 na ushee tu. Sasa ichukue Black Bay ya kawaida, ya milimita 41. Ukiipima kutoka ncha ya pembe zinazoshika mkanda upande wa juu hadi ncha za upande wa chini, unapata kama milimita 50. Inaufunika mkono wangu wote na pembe zinabaki zikining'inia kama mapezi. Ile ya 37 ina milimita 46. Inatulia.

Lakini kilichowachosha watu si upana peke yake. Black Bay ilipotoka mwaka 2012 ilitumia mashine ya kununua. Mwaka 2016 ikawekewa mashine ya Tudor wenyewe, unene ukafika karibu milimita 15. Ivae na shati la mikono mirefu uone: kifungo hakifungi, na kila mlango unaopita unaugonga kwa saa. Ilipokuja Black Bay 58 mwaka 2018, milimita 39 kwa unene wa 11.9, watu waliisifia udogo, ila nadhani walichokuwa wanakisifia ni wembamba. Ya 54 imeshuka hadi 11.2. Kama ingekuwa na milimita 37 na unene wa 15, ingekaa mkononi kama kifuniko cha chupa, na hakuna ambaye angeiita ya kiasili.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wenzangu. Wanasema udogo ndio asili ya saa ya kuzamia. Si kweli, au ni kweli nusu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Robert Maloubier na Claude Riffaud, maofisa wa waogeleaji wa kivita wa Ufaransa, walitafuta saa ya kazi na hawakuridhika na walizojaribu mwanzo. Moja ya malalamiko ilikuwa kwamba ni ndogo mno kusomeka majini. Walichopata ni Fifty Fathoms, saa ya kampuni ya Blancpain, milimita 41 na zaidi. Longines nao walikuja na yao ya milimita 42 mwaka 1959. Kwa hiyo mababu wa saa hizi walikuwa wadogo na wakubwa pia, kama mababu wa ukoo wowote.

Hata hivyo wenye kejeli nao wasitambe. Mwaka 1956 Jeshi la Majini la Ufaransa lilipokea Tudor 7922 kwa majaribio, likaendelea kutumia saa za Tudor kwa miaka mingi, nyingine zikifungwa kwa mikanda iliyokatwa kwenye utepe wa miavuli ya kurukia kutoka kwenye ndege. Wale hawakuwa wanakwenda harusini. Mkono ulionenepa kwa vazi la kuzamia unahitaji mkanda mrefu. Bakuli la saa si lazima likue.

Tena huo uaminifu kwa mwaka 1954 una matobo. Mshale wa saa wa Black Bay 54 una kichwa cha pembe nne, ambacho Tudor walikianza mwaka 1969. Mkanda wake wa chuma una vichwa vya ribiti ubavuni ambavyo havishiki chochote, ni urembo. Uzee wa kupaka, na ilipotoka mwaka 2023 uliulipia zaidi ya dola 3,500. Wakati huo huo kitu bora kabisa kwenye mkanda ule ni cha kisasa: kufuli linalosogea hatua tano bila kifaa chochote, jumla milimita 8. Kwa anayeishi kwenye joto la pwani, ambako mkono wa asubuhi si mkono wa saa nane mchana, hilo pekee linazidi hadithi zote za 1954. (Na kama unafikiria kununua ile ya kale yenyewe: kioo na namba zake zitakupendeza, lakini rangi yake ya kung'aa gizani ilikuwa ya rediamu, madini yenye mionzi hatari, na mipira ya kuzuia maji imeshazeeka. Hiyo usiinawie hata mikono.)

Kuna mahali kejeli inagusa ukweli, na si kwenye kipenyo. Ili ifanane na ya zamani, pete ya kuzungusha ya Black Bay 54, ile ya kupimia muda pembezoni mwa uso wa saa, haina vistari vya dakika moja moja kwenye zile 15 za mwanzo. Mzamiaji anapopanda husimama dakika 3 kwenye kina cha mita 5 kabla ya kutoka majini. Siku hizi kompyuta ya mkononi ndiyo inayomhesabia, saa ni akiba. Ila akiba ni ya siku ambayo kompyuta imezima, na siku hiyo pete hii inamwonyesha sifuri, kisha tano, katikati akadirie mwenyewe au ahame kwenye vistari vya uso wa saa. Black Bay 58 vistari hivyo inavyo.

Kwa mkono wangu na kazi ya ofisini nachukua 54. Rafiki yangu anayezamia kila mwisho wa wiki, mwenye mkono mwembamba kunishinda, nitamwambia achukue 58.