Mwanamke Ndani ya Kikombe

Mimi ni mtu wa kusoma vitako. Nikikaribishwa kahawa nyumba ya watu, kahawa siitizami. Napindua kikombe nione kitako chake kimepigwa mhuri gani. Siku moja, kwa jamaa mmoja mtaa wa Malindi hapa Unguja, nilipindua kabla sijanywa. Kanzu ilikuwa nyeupe, ya Ijumaa. Mwenye nyumba mpaka leo anawaambia watu nina kifafa.

Ugonjwa wangu ni vile vikombe vidogo vya kahawa vya Kizungu ambavyo Wafaransa huviita demitasse, yaani nusu kikombe. Siku niliyomfasiria mke wangu jina hilo alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na bei nayo ni nusu?" Haikuwa nusu. Nikamwambia haya si mageni kwetu: wazee wa pwani hii walipachika bakuli za Uchina hata kwenye nguzo za makaburi, aende Kunduchi, aende Mambrui akaone; na kule Lamu majumba yalijengwa na zidaka ukutani ili vyombo vya kauri vikae vitazamwe. Mimi naendeleza mila tu. Akasema, "Hao waliviweka kaburini," kisha akanitizama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Upande wa fedha nilianza vibaya. Nilinunua vijiko sita vya kukorogea, mgongoni vimepigwa herufi E, P, N, S. Kwa muda wa miezi minane nikawa nawasimulia watu barazani habari za sonara mkubwa wa Birmingham, Bwana E. P. N. S., na wepesi wa mkono wake. Kijana mmoja anayesomesha kemia ndiye aliyeniaibisha, tena mbele ya watu. Herufi hizo, kumbe, ni za kumtahadharisha mnunuzi kwamba chombo si cha fedha: ni shaba iliyochanganywa na nikeli na zinki, ikavishwa fedha kwa umeme, kazi ambayo akina Elkington wa huko huko Birmingham waliichukulia hataza mwaka 1840. Fedha ya kweli ya Kiingereza, yenye sehemu 925 katika kila 1000, hupigwa mhuri wa simba anayetembea, na karibu yake alama ya mji, London kichwa cha chui, Birmingham nanga. Nikaanza kuwinda simba. Nilipompata, kwenye kijiko kimoja cha sukari, mke wangu, ambaye ni Yanga tangu tumboni mwa mamake, alikataa katakata kumtia kabatini mwake. Simba wangu analala kwenye mtoto wa meza pamoja na soksi.

Meissen sitaki hata kuizungumza. Ni kiwanda cha kauri cha Ujerumani cha tangu 1710, alama yake panga mbili za buluu zilizopishana, na panga hizo zimeigwa na kila mtu aliyewahi kushika brashi. Nina vikombe viwili vya panga. Cha kwanza panga zimepishana. Cha pili, ukizitizama vizuri, unaona zimekwisha kupatana.

Sasa, mwaka niliokwenda London kumtembelea mwanangu, Jumamosi moja akanipeleka soko la Portobello. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya kwao, isiyokoma wala isiyokolea, na mbingu nyeusi kama sufuria ya shughuli. Chini ya turubai la mzee mmoja nikaona vikombe sita na visahani vyake. Rangi ya moshi, na kila kimoja kimezungukwa na joka la udongo ulioinuka, unalipapasa magamba yake kwa kidole, macho yamemetameta. Ndani vyeupe, vyembamba mithili ya ganda la yai. Nikavipindua. Vimeandikwa Made in Japan. Nikajikuna kidevu kwa sauti ili mwanangu anione: kabla ya 1921 wangeandika Nippon, maana ni mwaka huo ambapo forodha ya Marekani ilianza kutaka neno Japan. Kwa hiyo hivi ni vya baada ya hapo.

Muuzaji akachukua kimoja, akakiinua juu akachungulia ndani, akanikonyeza, akasema neno ambalo kwa ile mvua na kwa kile Kiingereza chake sikulidaka. Nikadhani ananionyesha wembamba wa kauri. Nikamkonyeza na mimi. Pauni 20 kwa vyote sita, na akavifunga huku anacheka peke yake. Nikamwambia mwanangu, unaona, watu wa biashara ya vikuukuu wana raha zao.

Vikakaa kabatini mwaka mzima. Halafu ikaja posa.

Anayeposwa ni binti wa marehemu kaka yangu, na mimi ami yake ndiye walii. Wageni waje baada ya sala ya Isha. Tangu asubuhi mke wangu alikuwa ameshaandaa vile vikombe vyetu vya kawaida visivyo na kishikio, vya kunywea kahawa ya dele, vinavyojulikana kuanzia Jaws Corner mpaka Makunduchi.

"Leo tutatumia vikombe vya kahawa," akasema.

"Na hivi vyangu ni vya nini?"

"Hivyo ni vya ugonjwa wako."

Lakini mimi ndiye walii. Nikavitoa, nikavifuta. Zaidi ya hayo, wiki ile ile nilikuwa nimebadilisha taa ya sebuleni, nikatia ile nyeupe kali ya darini, makusudi kabisa, ili majoka yaonekane.

Wakaja watatu. Mshenga wao alikuwa ustadh wa chuo, mtu wa sauti ya chini na ndevu zilizochanwa nywele kwa nywele. Pamoja naye baba wa kijana, na mjomba wa kijana, baharia mstaafu anayeitwa na mji mzima Nahodha, ingawa melini alikuwa mpishi. Upande wetu nilikuwa mimi, binamu yangu na jirani. Wanawake wote walikuwa chumba cha ndani, nyuma ya pazia; na pazia, kama mnavyojua, huzuia macho tu.

Kahawa tungu ya tangawizi ikamiminwa, halua ya Pemba ikapita. Vidole vya watu wazima havikuingia kwenye vishikio, wakavikamata vikombe kwa ubavu kama wako barazani. Niliumia rohoni lakini nikavumilia. Ustadh akakohoa, akaanza. Wamepita njia, wameona bustani, ndani ya bustani wameona ua. Alisema vizuri sana, mpaka jirani akatikisa kichwa kama yeye ndiye anayeposwa. Alipofika kwenye ua, koo likamkauka, akanyanyua kikombe kumalizia tone la mwisho: kichwa nyuma, macho juu, kitako cha kikombe kikielekea moja kwa moja kwenye taa yangu mpya.

Akabaki hivyo hivyo.

Nilidhani amekwama na machicha. Akakishusha, akachungulia ndani. Akakinyanyua tena. Akakishusha. Midomo ikawa inakwenda bila sauti, na mimi niliyesoma chuo naijua Ayatul Kursi hata kwa midomo tu. Baba wa kijana akamuuliza, "Ustadh, kulikoni?" Akajibu, "Hakuna kitu. Maliza kahawa yako." Mwenzake akamaliza. Kichwa nyuma, macho juu. Akashuka amebadilika rangi.

"Umeona?" Ustadh akanong'ona.

"Nimeona nini?"

"Mimi sijui. Nakuuliza wewe."

"Kwani wewe umeona?"

Wakatizamana. Wala hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutamka, kwenye nyumba ya watu, usiku, na barua ya posa iko mfukoni. Hatimaye Ustadh akakiweka kikombe chini polepole, akakisukuma mbali kwa kidole kimoja, akanambia kwa adabu kubwa, "Mzee wangu, sisi tumekuja kwa kheri. Hii kahawa yenu ina mtu ndani."

"Mtu?"

"Mwanamke. Ukinywa anatokea, ukitua anaondoka."

Baba wa kijana akapata ujasiri. "Na mimi wangu ananitizama! Bwana, limbwata la kumtilia mposaji tunalisikia. Limbwata la washenga ndiyo mambo gani?"

Nikafungua mdomo nikaapa. Ningeweza kuokoka pale, lakini binamu yangu, ambaye tumezaliwa nyumba moja, tumekula sahani moja, alikuwa naye ameshakausha chake na anakitizama juu kwa furaha: "Wallahi ni kweli! Wangu mimi kafunga nywele juu, na kitana kachomeka. Jirani, wako vipi?" Jirani akanyanyua. "Huyu wangu kidogo kanuna." Wakaanza kubadilishana.

Nikanyanyua cha kwangu. Na kweli, chini ya kikombe changu nilichokinunua, nilichokifuta, nilichokipindua mara mia kusoma kitako chake, mwanamke wa Kijapani wa kivuli na mwanga alikuwa amenitulizia macho kama anayesema, umechelewa wapi?

Nahodha ndiye aliyetucheka. Alicheka mpaka kofia ikahama. "Msikhofu, wakwe. Hapana jini wala limbwata. Kauri ikichongwa, pahala pembamba mwanga unapita, pahala panene unazuiliwa, basi inatoka sura. Mimi nimeviona Yokohama, huko Japani, meli nzima tulivinunua." Ustadh akashusha pumzi. Baba wa kijana akajifuta jasho. Mambo yalikuwa yamekwisha kabisa, Mungu shahidi yangu, kama Nahodha angenyamaza hapo. Lakini akaongeza, kwa mshangao wa kweli, "Kumbe vyenu vina uso tu?"

Sebule ikawa kimya.

Ustadh akamgeukia taratibu. "Kwani chako, Nahodha, kina nini?"

Nahodha akavua kofia, akakifunika kikombe.

Hapo nikakumbuka kwamba tangu aingie alikuwa ameshaomba kuongezewa mara tatu, na kila mara akimaliza mpaka tone la mwisho, nami nikajisifu moyoni kwamba tangawizi imekaa.

Sauti ikatoka nyuma ya pazia, ya mwanamke, tulivu. "Nahodha."

"Naam."

"Yokohama si ndiko ulikokuwa ukiniandikia barua kwamba hushuki melini, unaumwa bahari?"

Mtu aliyepika chakula cha mabaharia arubaini katikati ya dhoruba hakuwa na la kujibu. "Kilete hicho kikombe," sauti ikasema. Mtoto mmoja akatumwa, akakibeba kwa mikono miwili kikiwa kimefunikwa kofia vile vile, kama maiti mdogo. Tukasikia pazia, tukasikia swichi ya taa, kisha kimya, kisha "Yallah!" ya wanawake saba kwa pamoja, kisha kicheko cha dada yangu, ambacho kikianza hakina breki. Mke wangu hakucheka. Akaniita nikaja mpaka kwenye pazia, akanionyesha kitako. "Hapa umesoma?"

"Nimesoma. Made in Japan."

"Nchi umeiona. Wenyeji wake hukuwaona?"

Posa ilikubaliwa. Niseme ukweli, haijapata kukubaliwa posa upesi namna ile. Mahari tulimaliza kwa dakika kumi, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hamu ya kuwa nyumbani kwake. Nikawakaribisha kahawa ya kuagana. Ustadh akashukuru sana, akasema maji yanatosha. Kwenye glasi.

Baadaye niliingia kusoma, maana kusoma kwangu huja baada ya aibu kila mara. Ufundi huo unaitwa litofani. Ulipewa hataza Paris mwaka 1827. Picha huchongwa kwanza kwenye nta, ikatolewa kalibu, kisha ikaumbwa kwa kauri. Wazungu walizitundika picha hizo madirishani na kuzizungushia taa. Wajapani wakamtia mtu chini ya kikombe, na baada ya Vita vya Pili wanajeshi wa Kimarekani wakarudi navyo kwao. Kwenye vingi mwanamke ni sura na mabega. Kwenye vichache fundi hakukomea mabegani, wala nguo hakumaliza kumvisha, na katika sita vyangu kimoja ndicho kilikuwa cha namna hiyo, nami kwa mikono yangu nikamkabidhi Nahodha. Ule mkonyezo wa Portobello sasa naufahamu. Kinachonitesa ni kwamba nilimrudishia.

Siku hizi mgeni hapewi kitu nyumbani kwetu mpaka mke wangu amekiinua chombo kwenye taa. Anainua vikombe, anainua bilauri, nimemkuta anainua hata kikombe cha bati cha kuchotea maji. Kile cha sita alikitia kwenye kidaka cha chumbani, akakifunikia sahani, akasema mtu asikiguse. Juzi alasiri nikarudi bila ya kubisha hodi, nikamkuta yeye na dada yangu dirishani, kikombe kiko juu juani, wanabishana.

"Mguu umeumbwa vizuri," dada yangu anasema, "lakini mkono wa kushoto mrefu."

"Si mrefu, kauegemeza."

Walipohisi mtu nyuma yao wakakishusha, mke wangu akaanza kukifuta kwa upindo wa kanga kama aliyekuwa kazini. Sikusema neno. Mlango ukagongwa, alikuwa mjukuu wa Nahodha, mtoto wa miaka saba, kasimama wima na ujumbe wake.

"Babu anakusalimuni. Anasema kama hamkitumii, mumuazime kile kikombe kimoja, Ijumaa atakirudisha."

Nilikuwa nakohoa nitafute maneno. Mke wangu akanitangulia.

"Mwambie babu ahsante," akasema, "lakini kimeshaposwa."