Taya la Chini: Mfupa wa Nyonga au wa Mguu?

Mama mmoja anayeuza omena Kibuye, Kisumu, alikaa miaka minne akijifunika shavu kwa leso. Uvimbe ulianza kama punje ya mahindi nyuma ya gego. Haukumuuma, basi akauacha. Ulipofikia ukubwa wa embe ndipo akaambiwa ni ameloblastoma. Si saratani, lakini hula mfupa, na ukikwanguliwa tu hurudi mara nyingi. Dawa yake ni kukata kipande cha taya, pamoja na sentimita moja au zaidi ya mfupa usio na ugonjwa kila upande. Halafu pengo lizibwe kwa nini?

Wapo madaktari wanaotetea mfupa wa nyonga, na nawaelewa. Kipande huchongwa, kikafungwa kwa bamba la titani na skurubu. Kazi ni ya saa chache, haihitaji hadubini, na mfupa wenyewe ni mnene wa kutosha kushika meno ya kupandikizwa. Tatizo ni kwamba hauji na mshipa wake wa damu. Huishi kwa kutegemea nyama inayouzunguka. Pengo likizidi sentimita sita hivi, au mate yakipenya kwenye kidonda, uwezekano wa mfupa kuoza huongezeka. Palipopigwa mionzi, hali ni mbaya zaidi.

Wengine hushikilia fibula, mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Huu hutolewa na mishipa yake, zaidi ya sentimita 20 ukihitajika, ukakatwa na kupangwa ufuate mviringo wa kidevu. Njia hii imetumika kwenye taya tangu 1989. Mishipa yenye upana wa milimita mbili tatu huunganishwa shingoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Siku za kwanza muuguzi huikagua karibu kila saa. Damu ikiganda usiku wa manane, timu yote hurudi thieta. Saa kumi za thieta, huku waliovunjika miguu kwenye bodaboda wakisubiri foleni! Hoja hiyo ni nzito, wala siipuuzi.

Hata hivyo, pengo refu linalovuka kidevu kulijaza kwa nyonga kwa sababu tu ndiyo iliyo karibu, ni kumwandalia mgonjwa upasuaji wa pili. Afadhali apewe rufaa. Pengo fupi, nyonga yatosha kabisa. Ninachokipinga ni kumwachia mtu mwenye miaka mingi mbele yake bamba tupu bila mfupa, maana bamba huchoka, likavunjika au kutokeza nje ya ngozi.

Pengo la mama huyu lilikuwa refu. Alipoelezwa habari za fibula aliuliza jambo moja tu: ataweza kusimama sokoni kutwa? Daktari akamgusa mguu juu ya kifundo, akamwonyesha kipande kitakachobaki chini na kingine karibu na goti ili viungo visilegee. Uzito wa mwili, akamwambia, hubebwa na muundi. Atachechemea wiki kadhaa, na kidole gumba cha mguu huo huenda kikakosa nguvu, lakini atasimama.